Mama karanga na karai lisiloonekana

Kisa hiki kilitokea kwenye klabu ya sanaa ya shule moja ya sekondari ya kutwa, Bagamoyo, nilipokuwa mlezi wa klabu hiyo. Zilikuwa zimebaki wiki saba kufikia mahafali ya kidato cha nne, na wanafunzi walikuwa wametunga wenyewe igizo la dakika 12. Hadithi ni fupi. Mama karanga, yaani mwanamke anayenunua samaki mnadani na kuwakaanga kwa biashara, yuko kwenye jiko lake ufukweni. Mwanawe wa pekee anakuja kumwambia kwamba ameacha shule, na jioni hiyo hiyo anaondoka na boti za dagaa. Baba wa kijana alikwenda baharini zamani, hakurudi. Igizo zima limesimama juu ya swali moja: mama akisikia hivyo, atafanya nini?

Nafasi ya mama nilimpa binti wa kidato cha tatu, mwenye miaka 16. Ana sauti inayofika mbali, haogopi watu, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kuyashika maneno yake yote. Wiki mbili baadaye hakuna aliyemwamini. Wenzake hawakumwamini, mimi sikumwamini, na lililoniumiza zaidi ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa analijua hilo.

Alikuwa akiingia jukwaani ameupinda mgongo, mkono mmoja kiunoni, anakokota miguu, na sauti ameikwaruza kama ya bibi wa miaka 80. Kijana akishatoa habari yake, binti alishika kifua, akarudi nyuma hatua tatu, akapiga yowe "Mwanangu unaniua!", akaanguka. Anguko lile sote tunalijua. Tumeliona kwenye runinga na kwenye vichekesho vya shuleni tangu tukiwa wadogo. Kwenye kichekesho lina kazi yake, kwa sababu pale mtazamaji anatakiwa amtambue mtu kwa sekunde moja: huyu mzee, huyu mlevi, huyu mshamba, haya tucheke. Igizo letu lilihitaji mtu tofauti. Mama mwenye mtoto wa miaka 17 anaweza kuwa na miaka 38 tu. Anaamka alfajiri, anabeba ndoo za samaki kichwani, anapasua kuni. Mgongo wake umenyooka kuliko wangu mimi.

Nilimwambia: "Usiigize uzee." Akaunyoosha mgongo, akabaki na yowe. Nikamwambia: "Punguza kidogo." Akapunguza sauti ya yowe, akaanguka polepole. Kila nilichomwambia alikitii, na kila alichokitii kikazidi kuharibu. Leo nikiyasikiliza maagizo yale naona yote yalihusu jinsi anavyoonekana. Hakuna hata moja lililomwambia afanye nini.

Wakati huo tulikuwa tunaanza kila siku, saa tisa na nusu alasiri, kwa nusu saa ya michezo ya kupasha mwili. Tulicheza simama-kaa kwa kasi mpaka wote wakosee. Tulihesabu kutoka 1 hadi 20 tukiwa tumefumba macho, mtu mmoja namba moja, bila kupangana; wawili wakigongana, tunarudi mwanzo. Tulicheza kioo, wawili wawili uso kwa uso, mmoja anatembeza mikono na mwenzake anamfuata kana kwamba ni kivuli chake. Tulicheza "nani kaanzisha", ambapo mmoja anatoka nje na akirudi anamtafuta anayebadilisha mwendo wa kundi zima. Siku nyingine walitaka rede, nikawaachia. Walicheka, wakatoka jasho. Kisha mimi nilipiga makofi mawili na kusema: "Haya, michezo imekwisha, sasa kazi."

Sentensi hiyo niliisema kila siku kwa wiki tatu. Nitairudia hapo chini, kwa sababu nusu ya tatizo ilikuwa ndani yake.

Kabla ya kuligundua hilo nilifanya kosa kubwa zaidi. Nilikuwa nimesoma kwamba mwigizaji anaweza kuchimba kumbukumbu yake mwenyewe ili apate hisia za kweli. Binti huyu alifiwa na mjomba wake mwaka uliotangulia. Nikamwomba afumbe macho, amkumbuke, halafu aanze onyesho. Alilia machozi ya kweli. Na onyesho likafa. Maneno hayakusikika. Kijana aliyeigiza mwanawe aliganda, hakujua kama aendelee au amshike mkono mwenzake. Wengine walitazama chini. Hakukuwa tena na mama karanga pale. Alikuwepo mtoto wa shule anayemlilia mjomba wake mbele ya watu.

Kesho yake hakuja. Jioni nikaenda kwao. Bibi yake alikuwa uani anapepeta mchele. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwalimu, karibu." Alinipa kigoda, akaendelea kupepeta kwa muda, kisha akasema bila kupandisha sauti: "Mwalimu, mtoto nimemleta kusoma. Huku kumliza kuna nini?" Sikuwa na jibu zuri. Nikaomba radhi kwake, nikamwita binti, nikamwomba radhi naye, nikaahidi kwamba sitamgusia tena msiba wake kwa ajili ya igizo. Ahadi hiyo nimeishika kwa wanafunzi wote tangu siku ile.

Baadaye nilikumbuka kwamba hata Konstantin Stanislavski, Mrusi aliyeshiriki kuanzisha Ukumbi wa Sanaa wa Moscow mwaka 1898 na ambaye jina lake hutajwa kila panapozungumzwa kumbukumbu ya hisia, hakubaki hapo. Miaka yake ya mwisho, kabla hajafariki mwaka 1938, alizidi kuegemea matendo ya mwili: mwigizaji afanye tendo dogo la kweli, lenye sababu, na hisia itamfuata yenyewe. Hisia huwezi kuiamuru ije.

Sasa nifike kwenye siku iliyotufumbua macho. Ilikuwa Jumatano ya wiki ya nne. Binti alikuwa amerudi, mnyonge kidogo. Tukacheza mchezo wa kurushiana kitu kisichoonekana: wote wanasimama duara, anayerusha anataja kitu, anayepokea lazima akipokee kadiri ya uzito, joto na ukubwa wake, kisha anakigeuza kuwa kingine na kumrushia mwenzake. Yai likapita, likawa tofali, likawa paka. Likamfikia binti, na mwenzake akamwita: "Kibua kimetoka karai sasa hivi!"

Hakufikiri. Mkono wa kushoto ulivuta pindo la kanga ambayo hakuivaa, akakidaka kibua kwa pindo, akakihamisha mkono huu na huu, akapuliza mara moja, akageuza uso pembeni kuukwepa moshi. Duara zima likarudi nyuma nusu hatua. Mmoja akasema "Utaungua!" Mimi niliyesimama mita nne nilihisi joto.

Dakika 10 baadaye nilipiga makofi yangu mawili, nikasema sentensi yangu, binti akapanda jukwaani, akashika kifua, akaanguka.

Usiku ule sikulala mapema. Msichana ni yule yule, mwili ni ule ule, alasiri ni ile ile. Kwa nini kwenye mchezo watu 20 walimwamini bila kuombwa, na kwenye igizo hakuaminika hata alipolia machozi halisi? Jibu nililolifikia ni hili. Kwenye mchezo alikuwa na kitu cha kufanya, na akili yake yote ilikuwa kwenye kitu hicho: kibua cha moto, vidole vyangu, nisikiangushe. Kwenye igizo akili yake ilikuwa kwake mwenyewe: je, naonekana nina huzuni? Anayejitazama hivyo hawezi kumsikia mwenzake, hawezi kuhisi joto la jiko, na mtazamaji huligundua mara moja hata kama hajui kulitaja.

Hili si jipya, na ni haki kumtaja aliyelifanyia kazi maisha yake yote. Viola Spolin alizaliwa Chicago mwaka 1906. Alisoma kwa Neva Boyd, mwalimu wa michezo ya watoto pale Hull House, nyumba iliyowahudumia wahamiaji maskini wa mji huo. Mwishoni mwa miaka ya 1930 alisimamia maigizo katika mradi wa serikali wa kuwapa watu kazi, akifanya kazi na watoto na watu wazima wa familia za wahamiaji. Watu wa lugha na desturi mbalimbali ndani ya chumba kimoja huwezi kuwahutubia kuhusu nafsi ya mhusika. Akawatungia michezo. Kila mchezo una tatizo moja la wazi ambalo wachezaji wote wanaelekeza akili zao kulitatua, na mwalimu anawakumbusha kutoka pembeni bila kuusimamisha. Kitabu chake cha mwaka 1963 kilienea duniani, na mwanawe Paul Sills alikuwa miongoni mwa walioanzisha Second City, kundi la vichekesho vya papo kwa papo la Chicago, mwaka 1959. Mimi michezo mingi niliyoifundisha ilitoka kwake kwa mkono wa tatu au wa nne, bila kulijua jina lake, na katika safari hiyo ilikuwa imepoteza sababu yake. Ilinifikia kama njia ya kuwachangamsha watoto kabla ya kazi.

Ndiyo maana narudi kwenye ile sentensi. "Michezo imekwisha, sasa kazi." Kila nilipoisema niliwaambia wanafunzi waweke chini kile walichokipata dakika ile, wapande jukwaani mikono mitupu. Waliniamini. Niliwajengea ukuta mimi mwenyewe, kisha nikawashangaa kwa nini hawavuki.

Tukabomoa. Sikuongeza michezo mipya mingi. Ile ile tuliipeleka ndani ya igizo.

Lakini mchezo unahitaji malighafi, na tulikuwa tunamwigiza mtu ambaye tunapita mbele yake kila siku bila kumtazama. Tukaenda soko la samaki, wanafunzi watano na mimi. Penina Mlama, Amandina Lihamba na wenzao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walipofanya sanaa za maonyesho vijijini miaka ya 1980, walianza kwa kukaa na wanakijiji na kuwasikiliza kabla igizo halijatungwa. Sisi tulikuwa tumetunga kwanza, ndipo tukaenda. Bora kuchelewa. Tuliwaamkia akina mama, tukaeleza shida yetu, tukaomba ruhusa ya kukaa na kutazama, na tukanunua samaki wao. Mmoja alitutazama sana, akasema: "Sawa, tazameni. Ila mkituigiza msitufanye wachafu." Maneno hayo binti aliyaandika kwenye jalada la daftari lake.

Niliwakataza kuandika hisia. Waandike mikono, miguu, macho. Walirudi na mengi. Mama karanga anapopaa samaki hatazami kisu, anatazama wateja. Anapokaanga hatazami wateja, anatazama mafuta. Akizungumza na mtu huku karai liko motoni, anamgeuzia sikio, hamgeuzii uso. Akicheka sana, chujio linasimama hewani kidogo, kisha linarudi kwenye karai. Hakuna aliyekuwa amepinda mgongo. Wengi walikaa kwenye vigoda vifupi, magoti yamefunguka, kanga imebanwa vizuri katikati, mwili wote uko tayari kunyanyuka ghafla mafuta yakiruka.

Kwenye mchezo wa kioo sasa, anayeongoza alileta mikono ya mama mmoja aliyemwona, na mwenzake akaifuata mpaka mikono yote minne ikawa ya kazi moja. Binti alicheza hivyo siku tatu mfululizo. Kwenye kutembea kwa namba, 1 ni mwendo wa konokono na 10 ni mbio. Nikamwuliza mama karanga anaishi kwenye namba ngapi. Akajaribu, akasema saba. Na akisikia habari ya mwanawe? Tulijaribu kushuka mpaka mbili, ikawa kama anazimia. Tukajaribu kupanda tisa, yakarudi yale yale ya runinga. Kisha yeye mwenyewe akapendekeza: mikono ibaki saba, pumzi ndiyo ishuke mbili. Jaribu hapo ulipo, endelea na kazi ya mikono kwa kasi ile ile huku unapumua polepole. Mwili unaanza kuwa na siri.

Zoezi la kumhoji mhusika wengine huliita kiti moto. Kwetu jina hilo ni la nyama ya nguruwe, na wengi wa wanafunzi wangu ni Waislamu, basi tuliliita kiti cha maswali. Binti alikaa katikati na kujibu kama mama karanga. Niliwaambia wenzake waulize vitu vidogo. Mafuta ya leo umenunua kwa fedha taslimu au kwa mkopo? Jana ulikula nini? Dalali anakuitaje? Majibu yalikuja haraka, mengine ya kubuni, mengine ya kutoka sokoni. Kisha mvulana wa kidato cha pili akauliza: "Mwanao akitoka shule ukimwona anakuja, unawaza nini?" Binti alinyamaza, mikono ikaendelea kupaa samaki asiyekuwepo. Akasema: "Nahesabu. Nimepata siku nyingine moja."

Hapo ndipo tulipompata. Si kwa sababu jibu lilikuwa zuri, ingawa lilikuwa zuri. Lilitupa kitu cha kufanya. Mama huyu hataki kulia. Anataka kuipata siku nyingine moja. Boti za dagaa huondoka jioni ili zivue usiku kwa taa. Basi akifanikiwa kumchelewesha kijana mpaka boti zitoke, ameshinda leo. Kesho ni ya kesho. Atamchelewesha vipi? Hawezi kumfunga kamba. Ila ni mama, na mama ana haki ya kumtuma mtoto.

Tulifuta yowe. Tulifuta karibu nusu ya maneno yake. Kijana anasema, "Mama, leo naondoka na boti." Chujio linasimama. Linarudi kwenye karai. "Lete chumvi." Kijana analeta. "Ongeza kuni." Anaongeza. "Kawaulize kwa jirani kama wana ndimu." Kila agizo lina sauti ya kawaida kabisa ya jikoni.

Ili wasitegemee maneno, niliwafanyisha onyesho zima kwa maneno yasiyo na maana, "babala pipi soto", sauti na kusudi tu. Wanafunzi wa darasa jingine waliokuwa wakichungulia dirishani walielewa kwamba mama anamzuia mtoto kuondoka. Hawakuwa wamelisoma igizo. Hilo lilinitosha kama ushahidi.

Karai halikuwepo mpaka mwisho. Tulikuwa na la kuazima, nikaamua lisipande jukwaani. Kigoda kilikuwepo, na kanga. Mafuta, moto na samaki viliishi mikononi mwake, na kila mazoezi tulianza kwa kumrushia kibua cha moto.

Siku ya mahafali haikuwa nyepesi. Tulicheza uwanjani, jenereta linanguruma upande wa kushoto, na walioketi nyuma walisikia nusu ya maneno. Sauti yake kubwa niliyomchagulia sasa ilikuwa imeshuka, na sikuwa nimemfundisha namna ya kuituma mbali bila kuipandisha. Hilo ni kosa langu, na lingerekebishika kwa wiki moja. Baadhi ya watoto walicheka aliposema "Lete chumvi" mara ya kwanza, wakidhani ni kichekesho. Nilimtazama mikono. Haikutikisika, wala haikuharakisha.

Kisha akasahau. Baada ya ndimu kulikuwa na mstari mrefu kuhusu baba wa kijana, na ukamtoka kichwani. Niliuona usoni mwake, pengine mimi peke yangu. Wiki tano nyuma angeanguka chini. Safari hii aligeuza kibua, akakigeuza tena, akasema: "Lete chumvi."

Kijana alisimama. Hilo halikuwepo kwenye igizo. Akatazama chini pale alipoiweka chumvi, akamtazama mama yake, akasema taratibu: "Nimeshaleta, mama."

Uwanja ulinyamaza. Waliocheka mwanzo walinyamaza pia. Mama ambaye hajui tena ni kitu gani amtume mwanawe alikuwa amekaa pale mbele ya kila mtu, anakaanga. Mstari wa baba haukusemwa kabisa, na sitaurudisha. Mwishoni nilimwona yule mama wa sokoni, aliyetuambia tusiwafanye wachafu, amesimama karibu na mlango wa maktaba. Hakunifuata kusema chochote. Alimfuata binti, akamfunga vizuri kanga iliyokuwa imelegea.

Kuna jambo moja ambalo bado linanisumbua katika kisa hiki. Yule kijana sikumpa hata saa moja ya peke yake. Wiki saba zote nilikuwa na binti. Yeye hakukaa kwenye kiti cha maswali, hakwenda sokoni, hakuwa na namba yake ya kutembea. Alitumwa chumvi, akaleta chumvi. Alitumwa kuni, akaleta kuni. Ndiye aliyeliokoa onyesho kwa maneno mawili ambayo hakuna aliyemfundisha. Na kwa nini anaendelea kutii, mmoja baada ya mwingine, wakati boti zinaondoka na yeye anajua zinaondoka, sikumwuliza hata siku moja.